Kivuko Kinachowahi na Madhara Yake kwa Fundi Cherehani

Alhamisi, asubuhi

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Usafiri wa Mjini,

KUHUSU: VYOMBO VYENU KUFIKA KWA WAKATI

Natumaini barua hii inakukuta mzima na mwenye nafasi, maana ni ndefu na nimeianza tangu Jumatatu. Mimi ni fundi cherehani. Naishi ng'ambo ya mkono wa bahari, duka langu liko katikati ya mji nyuma ya soko, na wateja wangu wametapakaa kila pembe ya mji huu, ambao aliyeupanga alidhani watu wana mabawa. Wateja hao wananiita Fundi Kesho. Jina hilo nimelitolea jasho miaka kumi na minane, na sasa ofisi yako inataka kunivua.

Kwanza nikueleze tulivyokuwa tukiishi vizuri. Mteja anapiga simu kuulizia nguo yake. Mimi niko dukani na nguo haijaanzwa. Namwambia, "Niko njiani mama, kivuko kimekwama." Naye anasema, "Pole fundi, kivuko chetu hicho!" Tunakilaani pamoja, tunaagana kwa upendo. Hakuna aliyeumia. Maneno hayo mawili, niko njiani, yameniokoa mara nyingi kuliko cherehani yangu. Tangu ushike ofisi hiyo hayafanyi kazi tena, na malalamiko yangu ni haya:

1. Kivuko kinawahi. Kinatoka kila baada ya dakika ishirini, kinavuka kwa dakika tisa, na pale gatini mmetundika saa kubwa ambayo, cha kushangaza, haikosei. Sasa nikisema kimekwama mteja ananijibu, "Fundi, mimi ndiyo nashuka sasa hivi." Huu ni udhalilishaji.

2. Mama wa kipaza sauti. Ndani ya mabasi yenu mapya mmeweka sauti ya mwanamke anayetangaza vituo. Juzi nimekaa raha mustarehe, kiti cha dirishani, mteja wa suti akapiga. Nikamwambia niko kivukoni, mawimbi ni makubwa, simsikii vizuri. Papo hapo yule mama, kwa sauti nyororo, akatangaza, "Kituo kinachofuata, Hospitali Kuu." Mteja akaniuliza kama siku hizi hospitali inaelea.

3. Pikipiki za kwenye simu. Zamani nguo ikichelewa nilikuwa nasema dereva ametoka kitambo, labda amepotea. Siku hizi mteja anamwona dereva kwenye simu yake, kapikipiki kadogo kanatembea kwenye ramani. Daktari mmoja wa meno alinipigia kuniarifu kwamba kapikipiki kake hakajasogea kwa saa nzima na kako mlangoni kwangu. Ilikuwa kweli. Dereva alikuwa kwenye benchi langu akisubiri nimalize kutia vifungo, na aliitikia salamu za daktari kabla sijamziba mdomo.

4. Treni. Wateja wa mwisho wa mji walikuwa wateja bora kabisa. Kufika dukani kwangu kuliwagharimu mabasi mawili, bajaji na mwendo wa miguu, kwa hiyo hawakuja, waliniamini tu. Sasa wanapanda treni, wanakuja wenyewe, wanakaa na kunitazama mikono. Nani anaweza kushona akitazamwa hivyo?

5. Nimejaribu kutembea kwa miguu ili nichelewe kihalali. Nikakuta mmejenga njia ya waenda kwa miguu, tena ina kivuli. Nilifika mapema.

6. Sasa nafika kwenye jambo lenyewe, na hapa naomba ukae. Shangazi yangu anaolewa Jumamosi hii saa nane mchana. Ana miaka hamsini na tisa. Ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka saba, ndiye aliyenikalisha kwenye cherehani, na ndiye aliyenifundisha kwamba kitambaa kinakatwa mara moja tu. Anaolewa na mwalimu mstaafu wa hesabu. Unajua walikutana wapi? Kivukoni, Mheshimiwa! Kile cha zamani, siku injini ilipozima katikati ya maji wakakaa humo kwa muda wa saa tatu. Saa ya kwanza walilalamika. Ya pili wakagawana maji ya kunywa. Ya tatu Mwalimu akauliza kama ng'ambo kuna mtu anayemsubiri. Sasa nakuuliza wewe, kwa kivuko chako cha dakika tisa, nani atapata mwenzi? Mtu anashuka kabla hajamaliza kutaja jina lake.

Kitambaa cha gauni la Shangazi ninacho mwezi wa pili sasa. Kiko juu ya rafu ndani ya karatasi yake, vilevile kilivyokuja. Kila akiniuliza namwambia niko njiani. Jumatatu alinitazama akasema, "Mwanangu, hiyo njia yako haina mwisho?"

Nitakwambia ukweli kwa sababu hatujuani. Naogopa. Nimekata suti za mawakili na sare za bendi nzima bila kupepesa jicho, lakini nikikishusha kile kitambaa na kushika mkasi, nakirudisha tena juu ya rafu. Akishavaa gauni hilo Shangazi anahama. Anakwenda kwa Mwalimu, kule mwisho kabisa reli inakoishia, na mimi nitabaki ng'ambo natazamana na dirisha lake lililofungwa. Inaniuma, Mheshimiwa. Inaniuma sana. Ila hilo si kazi ya ofisi yako, kazi ya ofisi yako ni kivuko, kwa hiyo turudi kwenye kivuko.

Naomba yafuatayo. Jumamosi saa saba na nusu kivuko kizime injini katikati ya maji, taratibu, bila mtu kudhurika. Treni nayo ipumzike siku hiyo, imefanya kazi sana. Mama wa kipaza sauti apewe likizo, au kama likizo zake zimekwisha, atangaze vituo bila mpangilio. Tupikipiki twa kwenye simu tuzunguke ovyo. Hali hiyo idumu wiki mbili tu, ndoa isogezwe mbele, nami nijikaze. Wiki mbili zisipotosha, mwaka.

Kama haya yote hayawezekani, basi naomba cheti chenye muhuri wa ofisi yako, kisemacho kwamba anayetajwa humu yuko njiani na umma unaombwa kumwamini. Nitakitundika dukani kwa heshima zote.

Nisalimie nahodha wa kivuko na mafundi wake wa injini, ambao wamekuwa hodari kupita kiasi. Nisalimie wakata tiketi wote, madereva wa mabasi, wa treni na wa bajaji, na aliyepanda ile miti ya kivuli. Msalimie pia mama wa kipaza sauti, mwambie sina kinyongo naye.

Ni mimi, abiria mwaminifu wa vyombo vyote,

Fundi Kesho

Nyongeza, Ijumaa, saa tisa alasiri:

Mheshimiwa, naomba usifanye hata moja katika hayo niliyoandika.

Jana, wino haujakauka, Shangazi alitokea dukani bila taarifa. Kivuko cha saa nne, basi moja, dakika ishirini na tano kutoka mlangoni kwake. Alikiona kitambaa kwenye karatasi yake. Kisha akaiona barua, akaisoma yote amesimama, akacheka mpaka ikabidi akae. Alipofika kwenye namba sita akaacha kucheka. Akasema, "Karatasi umechana saba, kitambaa hujakigusa. Njoo hapa." Akaniwekea mkasi mkononi, akaushika mkono wangu kwa juu kama nilipokuwa mdogo, tukakata wote wawili. Gauni limekamilika leo saa sita. Limemkaa, wallahi, limemkaa! Nililia, naye akaniambia nisilowanishe mshono.

Ndipo akachukua penseli akanipigia hesabu, maana ameshaambukizwa na Mwalimu. Kutoka dukani kwangu mpaka kwao, treni ni dakika thelathini na tano. Anasema chakula cha jioni kitakuwa mezani saa moja kamili kila Jumatano, na hataki kusikia habari za kivuko.

Kwa hiyo kesho naomba kivuko cha saa saba kitoke saa saba, ukoo mzima umo. Na treni za Jumatano, nakusihi, zisiguswe kabisa.

Barua nilitaka kuichana, lakini Shangazi amekataa, anasema ina salamu za watu. Naileta mwenyewe kwa mkono kabla hamjafunga. Ukitaka kujua nilipo, nipigie. Niko njiani, na mama wa kipaza sauti atakuwa shahidi wangu.