Nilimwambia Baba Mkwe Binti Yake Kapigwa Kisu

Leo aibu imenikuta hospitalini, nikiwa na kandambili moja mguuni, mbele ya watu wazima. Naandika mapema kabla shemeji yangu Yona hajaisambaza kwa namna yake.

Iko hivi. Mke wangu, Yusta, alianza uchungu jana. Leo asubuhi daktari akasema mtoto amekaa vibaya, hatoki bila upasuaji. Nikapewa fomu, nikatia saini. (Saini yenyewe imetoka kama mwandiko wa darasa la kwanza.) Wakamwingiza ndani. Mimi nikabaki kwenye benchi la nje ya wodi, nikisali sala zote ninazozijua na nyingine nikizitunga hapo hapo.

Simu ikaita. Baba mkwe, kutoka kijijini kwake huko Chamwino. Mzee ni mfugaji. Lugha yake ni Kigogo, Kiswahili anakitumia mnadani na kwa wakwe. Na simu yake inashika mtandao akipanda kichuguu nyuma ya zizi tu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mwanangu yukoje?"

"Baba, Yusta kapigwa kisu."

Sasa ninyi mnaelewa. Huku mjini mama akizalishwa kwa upasuaji tunasema kapigwa kisu, na hakuna anayeshtuka. Mzee akauliza:

"Nani kafanya hivyo?"

Nikadhani anauliza nani ameruhusu. "Ni mimi, baba. Nimeamua mwenyewe. Ilibidi, kisu kilishafika mfupani."

(Ndiyo, nilisema hivyo. Nilitaka nionekane mtu mzima mwenye misemo.)

Simu ikakatika. Nikapiga, haipatikani. Nikajiambia mzee kashuka kichuguu, kaenda kumpa mama mkwe habari.

Baada ya muda muuguzi akatoka. Mtoto wa kike, mama mzima. Nikalia. Sisemi machozi yalinilengalenga, nililia kabisa, hadi mama mmoja niliyekaa naye benchini akanionea huruma, akatoa chungwa kwenye kikapu na kisu cha kumenyea.

Nipo namenya, maji ya chungwa yanatiririka hadi kwenye kiwiko, nasikia pikipiki inafunga breki. Wamepakiana mishikaki. Mbele dereva, nyuma Yona, katikati baba mkwe na shuka lake, fimbo mkononi, vumbi hadi kwenye nyusi. Nikafurahi mno. Nikasimama kwa adabu, nikamwendea.

"Shikamoo baba," nikasema. Kisu mkononi.

Hakuitika. Miaka minne niko mkwe wake, hajawahi kuninyima marahaba. Alitazama kisu, akanitazama mimi, akainua fimbo.

Nilikimbia. Sidanganyi. Niliacha kandambili moja, nikazunguka benchi mara mbili, nikajificha nyuma ya muuguzi ambaye ananifika kifuani. Kwa kuwa kisu nilikuwa bado nacho, na yeye akaanza kunikimbia.

"Umemuua mwanangu," mzee akasema, "na kwenye simu umekiri."

"Baba, ni kisu cha daktari!"

Muuguzi, Mungu ambariki, akaelewa kabla yetu. Akamwambia polepole, "Mzee, Yusta amejifungua kwa upasuaji. Hakuna aliyemchoma. Yuko hai, na una mjukuu wa kike."

Fimbo ikashuka. Mzee akakaa chini sakafuni, akafunika uso kwa shuka. "Njia nzima nilikuwa nimeshamzika," akasema.

Nikakaa pembeni yake. Kwao mkwe hakai karibu hivyo na baba wa mkewe, lakini alinishika mkono na hakuuachia. Nilimpenda mzee yule kuliko siku zote.

Tulipokuwa tunasubiri kuingia wodini, akaniambia, "Siku ya posa, rafiki yako alikunong'oneza kwamba umepata kisu kikali. Nilisikia. Nikamwambia mama yake Yusta, huyu kijana anatembea na silaha."

"Baba, alimaanisha Yusta ni mzuri."

Mzee akafikiri. "Basi hapo hakusema uongo."

Kisha akauliza, "Na huko shuleni kwako unafundisha nini vile?"

"Kiswahili, baba."

Akaniangalia kwa muda mrefu.

Ndani, mzee kampakata mjukuu wake, hataki kumpa mtu. Yona naye kasimulia kila kitu kwa vitendo, pamoja na nilivyozunguka benchi. Yusta kacheka, kalia, kashika tumbo, kaomba aache, Yona kaanza upya.

Kwa hiyo nawaomba, msicheke. Mimi mtanizoea tu, lakini Yusta anasoma maoni yenu hapa kitandani, na kila akicheka mshono unamvuta.