Ombi la Kumtangaza Marehemu Mshereheshaji Asiyepatikana

Ndugu Afisa Ustawi wa Jamii,

Nakuandikia kwa heshima zote, na kwa miguu iliyochoshwa na ngazi za ofisi yako.

Mimi ni msusi, mama wa watoto wawili. Baba yao ni mshereheshaji wa harusi. Mtaa mzima unamwita Spika. Mahakama ilimwamuru atoe matunzo ya watoto, hakutoa, ikamwandikia wito. Tarishi wenu ameshindwa kumkabidhi, nawe umenijulisha kwamba “mdaiwa hajulikani alipo.” Mtu mwenye sauti kama ile asipojulikana alipo, basi hayupo duniani. Naomba atangazwe marehemu. Sababu zangu ni hizi:

1. Jumamosi tarishi alimfuata ukumbini. Spika alikuwa jukwaani, kipaza sauti mkononi, akimhimiza bwana harusi asije akaitelekeza familia. Tarishi alirudi ameshiba, na taarifa kwamba watu walikuwa wengi mno.

2. Tarishi huyohuyo alikwenda nyumbani kwa mama mkwe wangu, anakolala Spika. Mama akamwambia mwanawe kasafiri, huku mashati ya msafiri yakichuruzika maji kwenye kamba. Simlaumu, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hata nguo za marehemu hufuliwa.

3. Ukumbi hauko mbali na saluni yangu. Mwanangu mdogo aliisikia sauti ya baba yake ikipita dirishani, akaniuliza, “Mama, mbona anakaribisha watu wote, sisi hatutaji?” Niliendelea kusuka, nikakaza mpaka mteja akaniomba nimhurumie. Sauti isiyo na mwenyewe ni mzimu, Ndugu Afisa, na mzimu hauna budi kuwa na maiti yake.

4. Binti yangu amerudishwa kutoka shule kwa sababu ya ada. Nilipokuletea habari hiyo ukaniambia mvumilivu hula mbivu. Nimevumilia. Zimeiva, zimeanguka, zimeoza.

5. Yatima husaidiwa. Wangu kila wanapogonga wanaambiwa, “Nyie si mna baba?” Kwa hiyo baba huyu akifa atawafaa kuliko alivyowahi kuwafaa akiwa hai. Nimeshaanza matanga: turubai liko uani, viti nimekodi, wasusi wenzangu wanachangisha rambirambi. Majirani wanakuja kunipa pole, wala hakuna aliyeuliza maiti iko wapi. Wanamjua.

Kilichobaki ni cheti cha kifo tu. Ikiwa sheria inakubana, andika kwamba amefariki upande wa matunzo. Upande wa harusi aendelee kuishi.

Nisalimie tarishi, mwambie asimalize soli kwa ajili yetu. Wasalimie wa dirisha la risiti na bibi wa mapokezi. Msalimie na shemeji, pamoja na watoto wako, ambao nashukuru Mungu wanajua ulipo.

Wako katika msiba,
Mjane Mtarajiwa

N.B. Sijaifunga bahasha, marehemu kaingia mwenyewe. Amesikia kuna rambirambi, anauliza fungu lake. Nimemwambia amsubiri mweka hazina, na wasusi wanne wameweka viti vyao mlangoni. Kwa hiyo ombi langu nalifuta. Mtume tarishi na ule wito, sasa hivi. Ila mwambie aingie taratibu, asifanye fujo. Mdogo amemshika baba yake mkono.