Msumari Mmoja, Mabingwa Wawili

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Kinyozi amefungua tena. Wiki mbili za ukarabati, na sasa ukuta wote ni marumaru nyeupe kutoka sakafuni hadi darini. Ukiingia unadhani umekwenda kung'olewa jino. Juu ya kioo kikubwa kuna tundu moja. Msumari mmoja. Fundi wa marumaru amemwonya kwamba akitoboa la pili ukuta utapasuka, na kinyozi anamwamini fundi huyo kuliko anavyotuamini sisi.

Tatizo ni kwamba picha ni mbili. Ya kwanza ni ya Mpagazi, bingwa wa ngumi wa ujana wangu, aliyebeba magunia asubuhi na kupigana jioni. Ya pili ni ya Kivuli, aliyetwaa mkanda miaka ishirini na tano baadaye, na ambaye sifa yake kubwa ni kutopatikana na ngumi. Picha ya Mpagazi ni yangu. Nilitoka nayo kwetu ikiwa imekunjwa mara nne ndani ya kiatu, ndiyo maana bingwa ana mikunjo miwili kifuani mpaka leo. Imekaa pale miaka kumi na tisa. Ya Kivuli ni ya Fundi Saa, mwenye duka la pili kutoka hapo. Ni mtu mnene, anapenda watu wanaokimbia.

Kinyozi amesema tumalizane wenyewe. Mabingwa wapigane Jumamosi, saa kumi alasiri, kwa desturi ya pale. Atakayeshindwa anarudi nyumbani kwa mwenyewe.

Naiandika desturi ili isije ikapotoshwa. Kila mtu anampigania bingwa wake kwa mdomo, kwa zamu, raundi sita. Saa inayotumika ni ile ya kuhesabia dakika za rangi ya nywele. Mwamuzi ni mteja aliye kwenye kiti wakati huo, mwenye taulo la moto machoni na povu mdomoni, maana huyo hamwoni anayesema wala hawezi kubishana. Mwishoni anagonga mkono wa kiti. Mara moja ni Mpagazi. Mara mbili ni Kivuli.

Nimerudi nyumbani mwepesi. Mdomo ninao.

Jumanne, tarehe 4

Fundi Saa ameleta kanuni mpya. Eti ni marufuku kumpa bingwa wako ngumi ambayo hukuiona kwa macho yako mwenyewe ikipigwa. Anasema amechoshwa na mikono ya Mpagazi, inarefuka kila mwaka. Kinyozi amekubali kabla sijameza mate.

Nikauliza habari ya runinga, kwa kuwa Fundi Saa mwenyewe alimwona Kivuli kwenye runinga tu. Runinga inahesabika. Nikauliza, kama mtu asiye na haja, habari ya masikio. Masikio hayahesabiki. Fundi Saa akaniangalia juu ya miwani. "Wewe si ulikaa safu ya tatu, Mzee Mpagazi? Masikio ya nini?"

Nimesema safu ya tatu kwa miaka kumi na tisa. Ndiyo sababu wananiita Mzee Mpagazi, mimi niliyesahihisha prufu za vitabu kwenye kiwanda cha uchapaji miaka thelathini na sijawahi kubeba kitu kizito kuliko kamusi.

Ukweli, kwa daftari hili tu. Tiketi ya pambano la Mpagazi ilikuwa moja. Aliingia kaka yangu. Mimi nilibaki nje, mgongo kwenye ukuta wa ukumbi, nikilinda baiskeli zetu mbili. Safu ya tatu ilikuwa yake. Njia nzima ya kurudi alinisimulia, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine ukipiga hewa, mpaka akatumbukia mtaroni na kofia yake. Alitoka akiendelea na raundi ya nane.

Miaka mitatu baadaye tuliondoka kwetu, kila mmoja kwa njia yake. Mimi nilifika.

Alhamisi, tarehe 6

Nimepata upenyo. Kanuni inataka ngumi niliyoiona kwa macho yangu. Haisemi ipigwe na nani. Basi nitazipiga mwenyewe, mbele ya kioo cha kabati, na nitaziona. Huwezi kusahihisha prufu maisha yako yote halafu usijue sentensi inavuja wapi.

Binti yangu alipokwenda kazini nikavua koti. Ile ya kushoto ya tumboni: nimeiona. Ile ya kulia ya kuzungusha: nimeiona, na kwa umri wake si mbaya. Ikabaki ile ambayo kaka aliiita kushusha gunia. Bega linazama kwanza, mkono unafuata. Bega lilizama. Likakataa kurudi. Mkono ukafuata, ukagonga ukingo wa mlango wa kabati, mlango ukaenda mpaka mwisho wa bawaba zake, ukarudi, ukanipata kwenye paji la uso.

Hiyo sikuiona.

Nilikaa kitandani. Sijui nililala, sijui nilikuwa macho. Niliwaona wote wawili kwenye ulingo usio na kamba, mchana kweupe. Kivuli alikuwa anazunguka polepole kama moshi unaotafuta dirisha. Mpagazi alikuwa katikati, gunia bado liko begani, anageuka huku na huku. Hakuna aliyemwonyesha pa kulitua. Nilitaka kumwonyesha, lakini nilikuwa nimeshika baiskeli.

Binti yangu aliporudi akauliza nani amenipiga. Nikasema kabati. Akamwangalia mumewe kwa muda mrefu.

Ijumaa, tarehe 7

Kwa ngumi mbili na nusu sifiki raundi ya sita. Inabidi mwamuzi awe mtu wa nyumbani.

Mkwe wangu ni fundi wa lifti, na ndevu zake zimeanza kuwa jambo la familia. Nimemwomba kesho saa kumi awe kwenye kiti cha kinyozi, na muda ukifika agonge mara moja. Akasita. Akasema, "Lakini Baba, hiyo si haki." Nikamkumbusha birika la binti yangu, lile la maua. Nani hasa aliliangusha, na nani mpaka leo anabeba lawama. Anayebeba ni paka.

Amekubali.

Huu si udanganyifu. Ni kumweka kitini mtu anayejua kusikiliza.

Jumamosi, tarehe 8

Nilifika mapema dakika kumi. Mtu alikuwa kitini tayari, taulo usoni, povu mpaka kooni, ndevu nyingi kwa chini. Nikajifanya namwekea shuka vizuri, nikamnong'oneza: moja tu, mkwe wangu, kumbuka paka. Akanyanyua kidole gumba.

Raundi tatu za mwanzo zilikwenda kwa heshima. Fundi Saa anasimulia taratibu, kama mtu anayetafuta skrubu sakafuni. Kivuli alikwepa, akakwepa, akadokoa, akakwepa. Mimi nilitumia ngumi zangu za kabatini, kwa uchumi. Mteja mmoja alilalamika kwamba Mpagazi leo ni mvivu.

Raundi ya nne nikalegea. Kosa langu lilikuwa hapo. Nilijua mwamuzi ni wangu, basi sikuona haja ya kuhangaika na ngumi. Nikafumba macho, nikasema nilichokuwa nacho.

Nikasema Mpagazi anapopiga mwili, watu hawapigi kelele. Wanavuta pumzi, ukumbi mzima, kama mtu mmoja anayeinua mzigo. Nikasema ngumi yenyewe inakuja baadaye, kupitia matofali, unaipokea mgongoni. Nikasema kuna ukimya kabla ya kelele, na katika ukimya ule kengele za baiskeli zinatetemeka zenyewe, bila mkono wa mtu. Nikasema unajua Mpagazi ameshinda kwa sababu ukuta umepata joto.

Mkasi wa kinyozi ulikuwa umesimama. Hata maji ya bomba nadhani yalisimama.

Fundi Saa aliuliza kwa upole sana. Afadhali angefoka. Aliuliza, baiskeli zilikuwa safu ya ngapi?

Nilitafuta jibu. Saa ya rangi ikalia nikiwa bado natafuta. Raundi mbili zilizobaki hakuna aliyeziulizia. Kiti kikagongwa. Mara moja. Nikavuta pumzi. Kikagongwa tena.

Kinyozi akaondoa taulo. Hakuwa mkwe wangu. Alikuwa mwalimu mstaafu wa hisabati, yule anayesahihisha mpaka mabango ya barabarani. Akajifuta povu, akanieleza kwamba masimulizi yangu yalikuwa bora zaidi, ila kanuni ni kanuni. Kisha akataka kujua paka ana nini.

Mkwe wangu alitokea saa kumi na moja, amejaa grisi. Lifti aliyokuwa akiitengeneza ilimnasa kati ya ghorofa ya tano na ya sita. Anasema mle ndani alikuwa akigonga mara moja, anangoja, anagonga mara moja. Hakuna aliyesikia.

Nilitoka na picha chini ya koti. Kinyozi akanifungulia mlango. "Haya, kwaheri mzee," akasema.

Mzee tu.

Jumatatu, tarehe 10

Mpagazi yuko chumbani kwangu, anatazamana na kabati. Binti yangu amempangusa vumbi, akasema anapendeza. Hakuuliza alimpiga nani, lini, wala kwa mkono upi. Jana nilijaribu kumsimulia mkwe wangu raundi ya nne. Alisinzia kwa adabu, macho wazi.

Kwa kinyozi sikwenda.

Mchana nilipitiwa na usingizi kwenye kiti. Niliingia ukumbini, kwa mara ya kwanza. Mlinzi hakuniuliza tiketi. Viti vyote vitupu, taa zinawaka, mwanamke mmoja anafagia ulingo kwa ufagio mpana. Safu ya tatu kiti kimoja kilikuwa na kofia. Sikuigusa. Nilikaa kile cha kando yake, nikangoja mwenyewe arudi. Nilikuwa na raha kabisa. Kisha binti yangu akaniita: chai imepoa.

Alhamisi, tarehe 13

Fundi Saa amekuja. Miaka kumi na tisa hajawahi kukanyaga hapa. Eti amesikia saa yetu ya sebuleni inachelewa. Haichelewi. Aliishusha hata hivyo, akaiweka sikioni, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya, akairudisha ilivyokuwa. Ndipo akaomba maji, na akauliza kama "yule mbeba mizigo" yupo.

Nikampeleka chumbani. Akakaa kwenye kitanda changu, kitanda kikalalamika. Alimtazama Mpagazi toka kichwani hadi miguuni. Akasema mguu wa kushoto umekaa vibaya. Nikasema huo mguu ulishinda mapambano thelathini na moja. Akasema dhidi ya wanaosimama, ndiyo.

Baadaye akasema Kivuli yuko peke yake pale juu. Tangu Jumamosi hakuna aliyemtukana. Wateja wanazungumza mashimo ya barabara. Jana mtu aliuliza kama ile ni picha ya baba yake kinyozi.

Halafu, bila kunitazama, akaniuliza matofali yalikuwaje.

Nilimweleza yote. Tiketi, kaka, mtaro, kofia. Njia mbili. Nilingoja acheke. Alivua miwani, akaipangusa kwa shati, ikawa chafu zaidi. Akasema katika miaka arobaini hajawahi kuona ugonjwa wa saa kwa macho kwanza. Anausikia, ndipo anafungua. Atamwambia kinyozi masikio yahesabike.

Sikujua pa kutazama. Nikatazama kabati.

Kisha akaongeza kwamba hata hivyo Kivuli angeshinda. Nikamwambia atoke nyumbani kwangu. Alitoka baada ya saa mbili, tulipomaliza raundi ya kumi na moja.

Jumamosi, tarehe 15

Nimemrudisha Mpagazi, na sasa picha zote mbili ziko juu. Msumari ule ule, kamba mbili, zinaning'inia kama mizani. Zinalala upande kidogo, kwa hiyo mabingwa wanatazamana ana kwa ana, jambo ambalo miaka ishirini na tano iliwazuia. Kinyozi akasema, "Karibu, Mzee Mpagazi." Nilijifanya sikusikia, ili arudie. Akarudia.

Njiani nilikuwa nimeamua. Kuanzia leo ni ukweli mtupu. Ukweli ni mwepesi, hauna kona za kukumbuka. Nilijisikia kijana.

Akaingia mteja mgeni, dereva wa lori, akakaa kitini. Akatazama juu, akauliza ni akina nani wale, na kama kuna mtu aliyewahi kumwona huyo wa kushoto akipigana. Duka zima likanigeukia. Nikafungua mdomo kusema ukweli.

"Tulikaa safu ya tatu," nikasema. "Mimi na kaka yangu."

Mwalimu wa hisabati, aliyekuwa akingoja zamu, akainua kidole. Fundi Saa akamwahi. Hakuinua hata uso kutoka kwenye saa aliyokuwa akiifungua pajani. Akasema ni kweli kabisa, yeye alikuwa safu ya nne, nyuma yangu barabara, na pambano zima hakuona kitu kwa sababu ya kofia yangu.

Watu wakacheka. Dereva akaniangalia kwa heshima. Mwalimu akakishusha kidole. Nami nilicheka, na machozi yakanitoka, nikasingizia sabuni.

Ila tangu nifike nyumbani jambo hili linanikereketa. Kofia ilikuwa ya kaka. Mimi sijawahi kuvaa kofia. Nilikuwa kichwa wazi, kiti cha kushoto kwake, upande wa njia, na mtu wa safu ya nne angeona vizuri sana. Jumatatu nitamsahihisha Fundi Saa, mbele ya wote. Mambo kama haya lazima yawe sahihi.