Binti Yangu na Akili za Kuzaliwa

Jumatatu, 6 Oktoba

Mtihani ni Ijumaa. Nafasi ya shule ya bweni ni moja tu. Binti yangu anasoma mpaka macho yamemwiva, naogopa yatamwanguka. Mtoto wa jirani yangu fundi cherehani, yule wanayemwita Kipanga, sijawahi kumwona na kitabu. Kutwa anaruka kamba, na kila muhula, wa kwanza ni yeye! Nimewaza huku napiga pasi nguo za wateja. Jibu nimelipata: akili ni za kuzaliwa, vitabu vinaziziba tu. Nimeunguza kola. Shati nimelikunja, kola kwa ndani.

Jumanne, 7 Oktoba

Vitabu vyote nimevificha stoo, ndani ya kapu la mashuka machafu. Nani atatia mkono humo? Binti kalia. Nikamwambia akaruke kamba. Kanishika paji la uso, kaniuliza kama nina homa. Ana huruma, mwanangu.

Jumatano, 8 Oktoba

Ajabu. Mtoto anayekimbia kufua kama paka na maji, leo kaomba mwenyewe kuchambua mashuka. Kajifungia stoo saa tatu nzima. Nimemsikia ananong'ona namba. Anahesabu foronya, maskini. Foronya zenyewe nne.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimekwenda kwa fundi kupeleleza, eti nataka gauni lipunguzwe. Bila kuulizwa akaniambia Kipanga akiruka kamba huwa anakariri jedwali la kuzidisha, kila mruko na jibu lake, na akirudi ndani anasoma mpaka aitwe kula. Nikaitikia, ehe, shoga yangu. Uongo mtupu! Nani humpa jirani siri yake? Na gauni kalibana makusudi. Sipumui.

Jumamosi, 18 Oktoba

Kapata! Nafasi ni yake! Kipanga kazidiwa alama mbili. Nimepiga vigelegele mpaka sauti imekauka. Fundi kaja kunipongeza, mdomo unacheka, macho hayapo.

Baadaye binti akaniketisha kitini. "Mama, nilikuwa nasoma stoo. Kila siku, juu ya yale mashuka. Usinikasirikie."

Nimemkasirikia wapi! Nimemkumbatia. Mtoto ana adabu huyu, hataki kujisifu kwamba ana kipaji. Na kipaji hakiokotwi njiani, kimetoka kwa mama yake.

Ndiyo maana Jumatatu naanza darasa la watu wazima. Niliishia la nne, lakini damu haipotei. Wenzangu wote wamenunua madaftari. Mimi nimemwomba mwalimu anipe mtihani siku hiyohiyo, tusipotezeane muda.