Maneno Yangu Yatoke Kwenye Tasnifu ya Mjukuu Wangu

Kwa Mkuu wa Idara ya Sera za Sayansi na Teknolojia,
Chuo Kikuu, jengo jipya, ghorofa ya tatu, lile lenye lifti iliyoandikwa "inatengenezwa".

Ndugu Mkuu wa Idara,

YAH: OMBI LA KUONDOA MANENO YANGU KATIKA TASNIFU YA MWANAFUNZI WAKO, AU NIPEWE SHAHADA MIMI

Usishtuke kwa mwandiko huu. Wa daktari ni mbaya zaidi, nami nimeusoma maisha yangu yote.

Mimi ni fundi wa vifaa vya hospitali. Mashine ya presha ikigoma kupanda, taa ya chumba cha upasuaji ikianza kukonyeza watu, mzani ukimwongezea mtoto mchanga kilo mbili ambazo mama yake hazijui, vyote huletwa kwangu, katika chumba kilichoko nyuma ya sehemu ya kufulia mashuka. Kazi hiyo nimeifanya miaka thelathini na minane. Shule niliishia darasa la sita. La saba nililiona kupitia dirishani, siku nilipoitwa kutengeneza kengele.

Mwanafunzi ninayemlalamikia ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu mkubwa. Anasomea kwenu Shahada ya Uzamili ya Sera za Umma, upande wa Sayansi na Teknolojia. Jina hilo ni refu hivi kwamba bibi yake akitaka kuwatangazia majirani huketi kwanza. Tasnifu yake inauliza ni nani hasa anayetengeneza vifaa vya hospitali zetu, na serikali imfanyeje mtu huyo. Mtu huyo ni mimi. Alhamisi ijayo mjukuu wangu anasimama mbele yenu kuitetea. Nina siku sita za kulalamika, na ninazitumia kama ifuatavyo.

1. Utani umegeuzwa kuwa takwimu.

Siku ya mahojiano alikuja karakana na daftari, simu ya kurekodia na uso wa hakimu. Nikamkaribisha kama ninavyomkaribisha tangu anatambaa: "Karibu mchumba, umeniletea posa?" Akasema, "Babu, kwa saa moja hii mimi si mjukuu wako, mimi ni mtafiti." Nikamwambia hata watafiti huwa wana babu zao. Akawasha simu.

Sasa, Ndugu Mkuu, babu akiulizwa swali na mjukuu wake anajibu nini kama si utani? Ningejibu kwa adabu angedhani ninaumwa. Akaniuliza ninahakikishaje kwamba kifaa kimepona. Nikasema nakipiga kofi moja, kikinyamaza kimekubali, kikilia kinarudi kwa mama yake. Leo nafungua ukurasa wa hamsini na nane nakuta jedwali: "Mbinu za uhakiki: kofi (1)." Akaniuliza ninapata wapi mafunzo endelevu. Nikasema kwa bibi yako, ananifunza kila siku na sijawahi kufuzu. Imeandikwa: "Mshiriki hupata mafunzo yasiyo rasmi kutoka kwa mwenza wake." Mwenza huyo ametoa nakala ya ukurasa huo na ameubandika jikoni. Tangu wiki jana hanijibu swali lolote bila kunikumbusha kwamba anatambulika.

Akaniuliza kama kitabu cha maelekezo ya mashine ya oksijeni ninakitumia. Nikasema ninakitumia sana, bila hicho meza yangu ingeyumba. Hilo nalo limo.

Nilipokohoa imeandikwa kwenye mabano kwamba mshiriki anakohoa. Nilipocheka imeandikwa mshiriki anacheka. Alipocheka yeye, tena mpaka akafuta machozi kwa daftari, haikuandikwa. Hiyo ndiyo sayansi?

2. Nimefichwa mahali ambapo kila mtu ananiona.

Humo ndani siitwi kwa jina langu. Naitwa Mshiriki wa Saba. Nilipouliza, mjukuu akaniambia ni kwa ajili ya kulinda siri yangu. Nikashukuru. Kisha nikasoma: "Mshiriki wa Saba ni mwanamume wa miaka sabini na mmoja, fundi pekee wa hospitali yenye vitanda mia moja na ishirini, anayefanya kazi nyuma ya chumba cha kufulia, na ambaye huvaa kofia ya sufu majira yote." Ndugu Mkuu, hapo umeficha nini? Umemfunika mtu uso kwa leso ukamwacha na kofia yake! Wauguzi wote wamenijua. Mpishi wa wagonjwa amenijua. Hata wafuaji, ambao hatukuwa tunasalimiana kwa sababu ya ugomvi wa pasi moja, wamevunja ukimya kuniuliza hali ya mguu wa meza.

3. Naitwa "asiye rasmi".

Hili nitalisema kwa kifupi, linauma. Miaka thelathini na minane. Funguo za chumba ninazo mimi. Asiye rasmi.

4. Pendekezo la tatu.

Hapa ndipo penye moto. Huko nyuma nilikuwa napasha sufuria tu. Mwishoni mwa tasnifu mjukuu wangu ameandika mapendekezo manne. La kwanza, la pili na la nne yanahusu wizara, na wizara ina mgongo mpana. La tatu linasema hivi: kifaa chochote kinachogusa uhai wa mgonjwa kisirudi wodini mpaka mtu wa pili, mwenye cheti, asiye yule aliyekitengeneza, akikague na kutia saini.

Mganga Mkuu wa hospitali yetu alipelekewa rasimu kwa kuwa naye ni mdau. Akaisoma mwisho wa juma, Jumatatu akaanza kuitekeleza kwa majaribio. Sijapata kuona sera ikikimbia namna hiyo. Koki ya choo cha wagonjwa wa nje inasubiri sera mwaka wa pili huu. Sasa nikimaliza kutengeneza kifaa nakifunga kitambaa chekundu na kukiweka rafuni, kimsubiri mkaguzi, ambaye huja Jumanne na Ijumaa. Mkaguzi mwenyewe ni bwana mwenye upara na cheti. Mimi ndiye niliyemwonyesha, zamani hizo bado ana nywele, upande wa bisibisi unaoshikwa. Anaingia, ananiita "mzee wangu" kwa sauti ya mtu anayemvusha kipofu barabara, anakagua, anasaini. Majuzi alikikagua kifaa nilichokuwa nimekiweka kwa ajili ya kukitupa. Akakipitisha.

Mganga Mkuu ameniambia waziwazi: tasnifu ikipita kwa alama nzuri, utaratibu huu utakuwa wa kudumu. Maana yake, mjukuu wangu akifaulu, mimi nitamaliza siku zangu za kazi nikisubiri saini ya mtu niliyemfundisha. Akishindwa, narudi kuwa bwana wa chumba changu. Sijui kama huko kwenu mna kozi inayomfundisha babu aombe dua gani hapo.

5. Mtuhumiwa amekataa kunibembeleza.

Baada ya kuyasoma hayo nilimwita nyumbani, nikamkalisha, nikamwambia, "Mchumba, umeniuza." Nilitegemea alie kidogo, aniite babu yangu kipenzi, alete maji ya kunywa. Badala yake alifungua mkoba akatoa ile fomu ya ridhaa niliyoisaini, akaniwekea kidole kwenye kifungu cha tano: mshiriki anaweza kuondoa maneno yake wakati wowote kabla tasnifu haijapitishwa, bila kutoa sababu. Akatoa na kalamu. Akasema, "Ni haki yako, babu. Ukiyaondoa, sura ya nne inaanguka na mimi narudia mwaka. Lakini ni haki yako, na sitakununia." Kisha akamsaidia bibi yake kuosha vyombo.

Ndugu Mkuu, mnawafundisha nini watoto hawa? Mtu unamtafuta ugomvi, anakuonyesha kifungu! Nilimlea mimi mwenyewe, mama yake alipokuwa kazini mbali. Alikuwa mtoto wa kawaida kabisa, anaiba sukari, anasingizia paka. Mmemharibu.

Kwa hiyo, kwa heshima na kwa mujibu wa kifungu cha tano, naomba mambo yafuatayo, moja likishindikana lije lingine.

Kwanza, maneno yangu yote yatoke. Nimeyahesabu. Nimenukuliwa mara ishirini na tatu. Washiriki wengine kumi na wanne, pamoja na mhandisi mmoja aliyevaa tai siku ya picha, wamenukuliwa mara kumi na tisa kwa jumla. Nikitoka mimi, sura ya nne inabaki kama nyumba iliyoondolewa mbao, unapita upepo tu na yule mhandisi.

Pili, kama mtaona huruma juu ya sura ya nne, basi shahada igawanywe kwa haki. Ishirini na tatu ni zaidi ya nusu ya arobaini na mbili. Hesabu hiyo hata darasa la sita inafika. Mwenye zaidi ya nusu ndiye mwenye mali. Nitunukiwe mimi hiyo Shahada ya Uzamili, na mjukuu nitamwazima siku za usaili wa kazi, mradi airudishe ikiwa safi. Joho nitalihitaji fupi, nisije nikajikwaa na kuvunja kitu ambacho hakuna wa kukitengeneza isipokuwa mimi, nami sitaruhusiwa.

Tatu, nikishakuwa na shahada, nitakuwa na cheti kikubwa kuliko cha yule bwana wa upara. Ndipo pendekezo la tatu nitaliunga mkono kwa mikono miwili, kwa sababu mtu wa pili mwenye cheti nitakuwa mimi. Na kama sheria inakataa mtu mmoja kuwa wa kwanza na wa pili, yeye ndiye atengeneze, mimi nimkague. Nitakuja Jumanne na Ijumaa. Nitamwita "kijana wangu".

Nne, yote hayo yakishindikana, ondoeni angalau lile kofi. Mtaa mzima sasa redio ikikwaruza wanasema ipelekwe kwa Babu Kofi.

Sitaki udhani nina chuki na elimu. Nimewaona watu wengi wenye elimu wakilala kwenye vitanda vyetu wakiwa hawana hata soksi, na wote niliwatengenezea mashine bila kuuliza wamesoma sera gani. Ninachosema ni kwamba mkono uliozoea kazi una akili yake, na akili hiyo haihitaji mtu wa kuichungulia begani. Mambo ya miaka thelathini na minane hayakaguliwi kwa dakika tano. Hapo ndipo ninaposimama, na hapo ndipo ninapotaka barua hii isomwe kwa sauti, kama kikao kitaruhusu.

Nawasalimu walimu wote wa idara. Msalimie mama wa masjala, aliyenipa bahasha hii kubwa akanikatalia kiti. Msalimie pia mlinzi wa getini, aliyenitaka nieleze kwa kifupi nimekuja kufanya nini. Ndiye wa kwanza kupata muhtasari wa malalamiko haya na aliyaona yana mashiko. Wasalimie wasahihishaji wa Alhamisi, uwaambie wale vizuri kabla ya kuanza, njaa huwafanya watu wawe na maswali mengi.

Ni mimi, niliyekatazwa kuandikwa jina,
Fundi wa hospitali, nyuma ya chumba cha kufulia.

Nyongeza: Bahasha nilishaifunga, nimeifungua tena kwa mvuke wa birika. Yale mahojiano yalipokwisha na simu kuzimwa, mjukuu wangu akiwa anapanga vitu vyake kwenye mkoba, nilimweleza jambo moja ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Akaniuliza, "Babu, hili niliandike?" Nikasema hapana. Akafunga daftari, na kweli, nimepekua tasnifu nzima, ukurasa kwa ukurasa, halimo.

Ni hivi. Miaka mingi iliyopita niliitengeneza mashine ya kutunzia watoto njiti, nikairudisha wodini siku hiyohiyo, maana walikuwa wananiharakisha nami nilipenda kuharakishwa. Kipimajoto nilikifunga vibaya. Kikawa kinaonyesha joto dogo, huku mashine ikizidi kuwaka. Muuguzi wa zamu alikuwa na tabia yake mwenyewe, haikuandikwa popote: kabla ya kumlaza mtoto, hutanguliza mkono. Akauingiza, akautoa haraka, akaniita. Mtoto alikuwa hapo pembeni, amefungwa kwenye kanga, mdogo kuliko kiatu changu. Nikarekebisha, tukanyamaza wote wawili. Muuguzi yule alistaafu. Mimi niliendelea kusifiwa.

Kifungu cha tano kinasema maneno yangu naweza kuyatoa. Hakisemi kwamba siwezi kuyaongeza. Mwambieni ayaweke haya kwenye sura ya nne kabla ya Alhamisi, na yaliyobaki yote akae nayo, hata kofi. Na msimpunguzie alama kwa kutoyaandika mwanzo; mimi ndiye niliyemkataza.

Siku ile kungekuwa na mtu wa pili wa kukagua na kutia saini, ningemnung'unikia wiki nzima. Na mkono wa yule muuguzi usingelazimika kuwa ndio sera yetu.