Nguruwe Aliyenipeleka Benchi la Mbele

Jumatatu, 6 Machi 1721
Ushindi! Mkutano wa mji umenipa cheo: Msimamizi wa Nguruwe! Na nani kanipendekeza? Jabez Crowell, jirani yangu mtengeneza mapipa, yule anayekaa mabenchi matatu mbele yangu kanisani na kunigeuzia lile lishingo lake. Wote wakaitikia ndiyo, kisha wakacheka mpaka machozi. Sielewi kwa nini. Furaha, labda.

Kamati ya kanisa inagawa viti upya wiki hii. Wanatazama umri, mali na cheo. Umri sina. Mali ndiyo sina kabisa. Ila cheo sasa ninacho. Kwaheri benchi la mlangoni, kwaheri baridi ya mgongo!

Jumanne, 7 Machi
Mke wangu, Mehitabel, anasema kazi hii hutupiwa bwana harusi mpya kila mwaka, kwa mzaha tu. Kweli tulioana Januari, lakini wanawake hawajui siasa. Akauliza, je, nguruwe wetu ana pete puani ya kumzuia kufukua, kama sheria inavyotaka? Nikamjibu kuwa sheria ni ya nguruwe wa watu. Mimi ni serikali.

Ijumaa, 10 Machi
Nimewasaka nguruwe wa Jabez kutwa nzima. Nikimnasa mmoja asiye na pete, yeye aibu, mimi benchi la mbele. Wote wana pete! Hata vitoto! Mtu gani huyu? Akanipigia kelele toka mlangoni, "Mheshimiwa, kagua na kuku basi!" Nikamshukuru. Njiani nikaanza kujiuliza.

Jumapili, 12 Machi
Aibu gani hii! Mahubiri yamekolea, nasikia mguno nje. Nachungulia: jike nono, pua tupu, anafukua makaburini. Wa Jabez huyo, alikuwa amemficha! Nikatoka mbio, nikamrukia. Tukagaragara, tukaingia kanisani pamoja, moja kwa moja hadi miguuni pa mchungaji. Nikapaza sauti kwamba nimemkamata nguruwe wa Jabez. Kisha, kutoka upande wa wanawake, Mehitabel: "Mume wangu, huyo ni wetu."

Wazee wameniita. Kufanya kazi Jumapili, siku ya Sabato, wanasema. Kazi gani tena? Si walinichagua wenyewe?

Jumapili, 19 Machi
Viti vimetangazwa. Mimi palepale mlangoni. Nilitaka kulia.

Lakini leo nimekaa mbele! Mbele kabisa, chini ya mimbari, benchi la toba. Uso wangu kwa watu wote, Jabez akinitazama mimi na si mimi kumtazama kisogo. Nikakiri dhambi yangu kwa sauti nzito, tena nikarudia sehemu nzuri. Mehitabel alijifunika uso kwa shali. Sijui kwa nini, mbele kule hakuna baridi hata kidogo.

Mchungaji amesema ni Jumapili moja tu. Moja tu, jamani!

Mehitabel amemtia nguruwe pete. Jumamosi, kabla jua halijazama na Sabato kuingia, nitaitoa.