Ubavu wa Wageni

Jumamosi, 7 Machi 1959. Ruiru.
Ushindi! Miaka tisa jirani yetu Githinji ameshika kisu kila mbuzi anapochomwa hapa. Leo nimeshika mimi. Nilimnong'oneza kaka yangu kwamba mikono ya mzee siku hizi inatetemeka. Kaka anamwoza binti yake Ngendo, hakutaka aibu. Githinji akapewa kazi ya kuchota maji.
Kwetu kila kipande kina mwenyewe. Mbavu ni za wageni, upande wa bwana harusi, na huhesabiwa. Nilijua. Lakini kaubavu kamoja kalinichokoza. Kalikuwa mdomoni mwangu Gerishon, mjomba wa bwana harusi, alipotokea. Nikameza yote, pamoja na kipande cha mfupa! Machozi. Nikasingizia moshi.
Mbavu zikapungua moja. Macho yote kwa Githinji, kwani ndiye aliyekuwa na kinyongo. Nami nikaendelea kukata nyama.

Jumatatu, 9 Machi.
Tumbo linachoma. Nimekunywa maji ya magadi. Mke wangu Idah kauliza nilikula nini. Maharagwe yaliyolala, nikasema.

Jumanne, 10 Machi. Hospitali, Thika.
Tumbo gumu kama ubao. Homa. Nimeletwa na gari la maziwa. Daktari ni Mzungu, na mkalimani wake ni dresa, yule mfunga vidonda. Dresa mwenyewe nani? Gerishon! Yule yule wa mbavu!
Daktari akauliza nimemeza nini. Maharagwe. Akauliza tena. Maharagwe! Gerishon akanieleza taratibu kwamba kitu chenye ncha kikitoboa utumbo, uchafu humwagika ndani, na mtu hafiki Ijumaa. Daktari akijua anachotafuta, atapasua leo. Asipojua, atangoja.
Idah akauliza, Baba Simeon, unataka kuzikwa na jina zuri? Nikasema ndiyo. Akaketi sakafuni, akalia. Miaka kumi na sita sijawahi kumwona akilia. Hapo ndipo nilipoogopa kufa. Nikamwambia Gerishon: ubavu. Hakucheka. Alimgeukia daktari na kumweleza.

Ijumaa, 13 Machi.
Nimefika Ijumaa! Mshono umeshuka hadi chini ya kitovu. Utumbo ulikuwa umetoboka mahali pamoja. Daktari alitoa mfupa, akaosha, akashona. Upo ndani ya chupa kando ya kitanda, haufiki urefu wa njiti ya kiberiti. Gerishon amesema hatatoa siri ya mgonjwa. Jina la Githinji, akasema, nitalisafisha mwenyewe.

Jumatano, 18 Machi.
Githinji amekuja kwa miguu kutoka Ruiru na kibuyu cha uji. Nilimuuliza habari za nyumbani. Akasema haitwi tena penye mbuzi. Hakulalamika. Aliniinua kichwa, akaninywesha. Mikono yake haitetemeki hata kidogo.
Naona haya. Alipoondoka nilijifunika blanketi. Nimeapa, nikitoka nitasema mbele ya watu wote.

Jumamosi, 4 Aprili. Ruiru.
Mbuzi wa shukrani, kwa kupona kwangu. Nimekuja na chupa mfukoni, maneno nimeyapanga tangu alfajiri. Kaka akanikabidhi kisu. Githinji, niliyeomba mwenyewe aitwe, akapewa ndoo. Figo lilitengewa Ngendo. Nililichunguza pande zote. Halina mfupa.
Kisha kaka akanyamazisha watu, akaniomba niseme neno. Githinji akaweka ndoo chini asikilize. Nilitaka kusema. Haki ya Mungu nilitaka.
Mdomo ulikuwa umejaa.